Redio ya CB na antena zake: dereva wa lori bado anazihitaji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukipanda kwenye kichwa cha lori kubwa la Marekani, inua macho juu ya kioo cha mbele. Mara nyingi utakuta kishubaka cha redio, vichwa viwili vya skrubu, kimoja chekundu na kingine cheusi, na ncha ya kebo iliyokunjwa kando yake. Kiwanda bado kinaviweka. Lakini kwenye malori mengi ya siku hizi hakuna kilichofungwa hapo, na kishubaka kimejaa risiti na miwani ya jua. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na madereva wageni wakinikuta redio yangu imewashwa, na nimeyajibu vilevile ninavyoyajibu kwa mdomo.

Kwa kifupi: bado naihitaji au siihitaji?

Kama unaendesha masafa marefu, naam, iweke. Kama kazi yako ni ya mjini, unapeleka mzigo na jioni uko nyumbani, unaweza kuishi bila redio hii na usione tofauti.

Ila ujue unachonunua. CB ya leo si baraza la kupigia soga usiku kucha kama walivyoizoea wazee wa kazi hii. Ni chombo cha kuongea na watu usiowajua, ambao namba zao huna, walio ndani ya kilomita chache kutoka ulipo, dakika hii hii. Simu inakupeleka kwa mtu unayemjua hata akiwa bara jingine, ila haiwezi kukupeleka kwa dereva aliye kilomita mbili mbele yako anayeona usichokiona. Wiki nzima inaweza kupita usisikie la maana. Halafu inakuja siku unasikia sentensi moja, nayo inatosha.

CB ni nini hasa?

Ni redio ya kuongea kwa zamu, aina ya simu ya upepo, iliyotengwa kwa ajili ya raia wa kawaida. Marekani ina chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405. Ukibonyeza maiki unarusha, ukiachia unasikiliza. Hakuna mnara wala mtandao katikati, hakuna bando, na hakuna namba ya kupiga. Kila aliye karibu na yuko kwenye chaneli hiyo anakusikia, awe rafiki, askari au mpumbavu.

Ilikuwaje ikawa redio ya malori?

Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilianzisha huduma ya raia mwaka 1945, na mawimbi haya ya megahezi 27 yakafunguliwa mwaka 1958. Kwa miaka mingi ilikuwa ya mafundi na wenye biashara ndogo. Kilichoiingiza kwenye malori ni msukosuko wa mafuta wa 1973. Mafuta yakawa adimu, kisha mwaka 1974 ikaja sheria ya kuzuia mwendo usizidi maili 55 kwa saa nchi nzima, na dereva anayelipwa kwa maili akawa anakatwa mkate wake. Kupitia CB waliambiana kituo gani kina dizeli na askari kajificha wapi, na migomo wakaipanga humohumo.

Baada ya hapo ikawa homa ya taifa. Hata Betty Ford, mke wa rais, alikuwa na jina lake la hewani, "First Mama". Chaneli 23 hazikutosha, zikaongezwa hadi 40 mwaka 1977. Leseni nazo zilifutwa mwaka 1983, maana watu walikuwa wengi na wengi wao hawakujisumbua kuziomba.

Si simu na programu za ramani zimeshachukua kazi yake?

Zimechukua sehemu kubwa, na sitabishana na hilo. Bei ya mafuta, nafasi ya kuegesha, hali ya hewa ya kesho, njia isiyo na daraja fupi: hayo yote nayatafuta kwenye simu na kwenye GPS ya malori. Anayekwambia CB inamtosha kwa hayo anakupotosha.

Lakini tazama ramani inavyojua kuna foleni. Inajua kwa sababu simu za watu zimepunguza mwendo au zimesimama. Maana yake lazima kwanza watu wakwame, ndipo mstari ugeuke mwekundu. Kwa gari dogo hilo si neno. Kwa lori lenye tani 36, linalohitaji umbali wa viwanja viwili vya mpira au zaidi kusimama kwenye barabara yenye utelezi, dakika mbili za kuchelewa ni nyingi.

Januari moja nilikuwa kwenye barabara kuu ya I-80 ndani ya jimbo la Wyoming, nimeshaiacha Laramie naelekea Rawlins. Upepo wa kipande kile hauna mzaha, na barabara hufungwa mara kwa mara majira ya baridi. Theluji ilikuwa inapeperushwa chini chini, inavuka lami kama moshi, na mbele naona labda mita mia mbili. Ramani kwenye simu ilikuwa safi kabisa. Kwenye chaneli 19, ile ya madereva wa barabara kuu, ikaja sauti ya mtu mzima, taratibu, kama anayeagiza chai: "Mnaoelekea magharibi, mkikaribia Elk Mountain punguzeni mapema. Trela limejikunja, limeziba njia zote mbili, na halina taa nyuma." Akarudia mara mbili. Nikaachia mafuta, nikawasha taa za dharura, nikawarushia walio nyuma yangu maneno yaleyale. Baada ya kupanda na kushuka mlima mmoja nikazikuta taa za breki. Ramani iligeuka nyekundu tukiwa tumeshajipanga pale, na walioipaka rangi ni sisi wenyewe na simu zetu zilizosimama.

Tofauti nyingine ni undani. Ramani itakwambia utachelewa dakika 40. Mtu wa upande wa pili anayetoka kwenye ajali atakwambia wamefunga njia ya kulia, gari la kuvuta limeshafika, na kwamba kutoka kwa kupitia mjini usijaribu kwa sababu kuna kona trela lako halitageuka.

Mahali pasipo na mtandao inasaidia?

Inasaidia, ilimradi kuna mtu karibu. Jangwani Nevada katikati ya usiku unaweza kuita na ukajibiwa na kimya. Kwa dharura ya kweli sehemu kama hizo, simu mpya zinazotuma ujumbe kwa satelaiti zimekuja kuziba pengo ambalo CB haikuwahi kuliziba vizuri.

Kitu ambacho watu husahau: redio nyingi za CB zina kitufe cha hali ya hewa, hupokea matangazo ya NOAA, shirika la hali ya hewa la Marekani, yanayorushwa kati ya megahezi 162.400 na 162.550 saa zote. Kimbunga kikiangusha minara ya simu, kuna uwezekano matangazo hayo bado yanasikika.

Nikiwasha nasikia kimya au matusi. Kuna mtu bado anaongea huko?

Wapo, ila si kila mahali. Karibu na miji mikubwa utasikia mtu anapiga muziki, mwingine anatukana, wa tatu ana kikuza sauti chenye mwangwi anajisifia. Mimi hapo napunguza sauti mpaka mwisho. Redio inaamka kwenye milima, penye ujenzi wa barabara, penye foleni isiyoeleweka, na kwenye viwanja vikubwa vya kupakia ambako mlinzi wa geti anakwambia "nenda chaneli fulani usubiri kuitwa mlango wako". Viwanja vya hivyo vimepungua lakini havijaisha, na asiye na redio hupewa kifaa cha kuazima au huambiwa akae akitazama taa.

Na jifunze kitufe cha skwelchi, kinachokata kelele pakiwa hakuna anayeongea. Wageni wengi huizima redio kwa sababu ya mkwaruzo wake usiokoma. Zungusha skwelchi taratibu mpaka mkwaruzo ukatike, kisha ishia hapo hapo. Ukizidisha, unawafungia mlango hata wenye jambo la maana.

Nahitaji leseni? Na naruhusiwa kushika maiki nikiwa naendesha?

Leseni hapana. Nguvu ya kurusha ina kikomo: wati 4 kwa AM na FM, wati 12 kwa SSB (hizi ni namna tatu za kubeba sauti hewani, nitazirudia mbele).

Kuhusu maiki, kanuni ya shirikisho iliyoanza Januari 2012 inamkataza dereva wa lori la biashara kushika simu ya mkononi akiendesha. Kanuni hiyohiyo, inapoeleza simu ni kitu gani, inaziacha nje redio za CB na simu nyingine za upepo. Majimbo yana sheria zao pia, kwa hiyo soma ya majimbo unayopita. Kampuni nayo inaweza kuwa na masharti makali kuliko serikali. Hata hivyo ruhusa ya sheria haikuongezei mkono wa tatu: kwenye kona kali au unapoingia barabara kuu, acha maiki kwenye ndoano. Siku hizi zipo redio zenye Bluetooth na vifaa vya kichwani kwa wasiopenda ule waya wa kujikunja.

Inafika umbali gani?

Lori kwa lori, tarajia kilomita 3 hadi 8 ukiwa umefunga antena vizuri. Tambarare unaweza kupata zaidi, katikati ya milima au majengo utapata pungufu. Usishtuke siku ukimsikia mtu wa jimbo la mbali sana akisalimia kana kwamba yuko nyuma ya trela lako. Mawimbi ya megahezi 27 hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbele, hasa miaka ambayo jua lina madoa mengi, mzunguko unaojirudia kila miaka 11 hivi. Inafurahisha mara ya kwanza. Baadaye inakera, kwa sababu kelele za mbali zinamfunika jirani unayemtaka.

Chaneli ipi?

19 kwa barabara kuu. Pwani ya magharibi, kwenye njia za kaskazini-kusini kama I-5, wengi hutumia 17. Chaneli 9 imetengwa kwa dharura na msaada kwa wasafiri, na si ya mazungumzo. Lakini ukiwa na shida, piga 911 kama mtandao upo, kisha waambie watu wa 19. Wanaoisikiliza 9 siku hizi ni wachache mno.

Nitumie pesa kwenye redio au kwenye antena?

Antena! Hapa ndipo watu wanapoliwa. Mtu anaingia duka la kituo cha malori, anavutiwa na redio yenye taa za rangi saba na vitufe kama chumba cha rubani, inammaliza mfuko, kisha anaipachika kwenye antena ya sumaku ya bei ya chini kabisa. Baada ya wiki anasema CB imekufa. Haijafa, ni yeye anayeongelea ndani ya mtungi.

Redio zote halali zinarusha nguvu ileile. Yenye bei ya juu inakupa upokeaji bora kidogo, kuchuja kelele, sauti nzuri na taa. Kinachoamua utasikika na kusikia hadi wapi ni antena, kebo yake na ulivyoifunga. Mimi nina redio ya kawaida sana, ndogo kama kitabu, niliyoinunua imetumika. Antena nilinunua mpya.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Wimbi moja la megahezi 27 lina urefu wa mita 11 hivi. Antena ya gari inataka angalau robo ya hapo, yaani mita 2.7, na hakuna lori litakalobeba fimbo ndefu hivyo juu ya kioo na bado likapita chini ya madaraja. Kwa hiyo antena za malori hufupishwa hadi mita 1.2 au 1.5 kwa kuzungushia waya mwingi ndani yake. Ufupishaji huo una gharama, na antena mbaya hulipa gharama kubwa kuliko nzuri.

Antena moja au mbili?

Moja iliyofungwa vizuri inashinda mbili za mapambo.

Zile mbili kwenye vioo vya pembeni zina maana yake. Zikitenganishwa kiasi cha kutosha, huimarisha mawimbi kuelekea mbele na nyuma, yaani kando ya barabara, na kupunguza pembeni ambako kuna mashamba tu. Umbali mzuri kati yake ni kama mita 2.7, na upana wa lori kutoka kioo hadi kioo unakaribia hapo. Faida nyingine: trela refu likiwa nyuma, antena moja upande wa kulia haisikii vizuri kilicho nyuma kushoto.

Kwenye gari dogo la kubeba mizigo, mbili ni urembo. Na ukiweka mbili, ziwe pacha: aina moja, urefu mmoja, na kebo maalumu ya njia mbili yenye mikono iliyo sawa. Moja ikivunjika, mfumo wote unaharibika, hauwezi kuendelea na iliyobaki kana kwamba hakuna kilichotokea.

Niifunge wapi?

Juu kadiri inavyowezekana na kwenye chuma. Nusu ya antena ni ile fimbo unayoiona, na nusu ya pili ni bodi ya lori. Mawimbi yanahitaji chuma chini yake ili yapate kusukumana nacho. Malori mengi ya kisasa yana sehemu za faiba kwenye kichwa, na hapo ndipo matatizo huanza: kishikio kimefungwa imara, kinapendeza, lakini hakijagusana na chuma chochote. Kwangua rangi kidogo kwenye mguso, vuta waya mfupi mnene kutoka kwenye kishikio hadi kwenye fremu au mlango, hakikisha hata mlango wenyewe una waya wa kuuunganisha na kichwa. Bawaba zenye grisi si njia ya umeme ya kuaminika.

Angalau theluthi mbili za antena zipande juu ya paa. Na kumbuka kimo: majimbo mengi yanaweka kikomo cha futi 13 na inchi 6, kama mita 4.1. Antena inayopinda ikigonga tawi haina neno. Ile ngumu isiyo na springi itaacha kishikio barabarani.

SWR ni nini na kwa nini kila mtu anaitaja?

Ni kipimo kinachokuonyesha kiasi gani cha nguvu kinatoka hewani na kiasi gani kinarudi ndani ya redio. Ikiwa 1.5, kinachorudi ni asilimia 4 tu. Ikiwa 2, ni asilimia 11, bado unaishi. Ikifika 3, robo nzima inarudi, na hapo acha kubonyeza maiki kabla hujaichoma redio. Antena mpya hazitoki dukani zikiwa tayari kwa lori lako, lazima zirekebishwe zikiwa zimefungwa palepale zitakapokaa. Fundi akikwambia "hii imeshapimwa kiwandani", tafuta fundi mwingine. Mimi niliwahi kumwamini mmoja na nikaendesha miezi miwili nikidhani watu hawapendi kunijibu.

Kupima si kazi ya kitaalamu. Unahitaji mita ya bei nafuu na kebo fupi ya kuiunganisha kati ya redio na antena. Simamisha lori uwanja wazi, mbali na kuta na malori mengine, funga milango, asiwepo mtu wa kuegemea kioo. Nenda chaneli 1. Bonyeza maiki, zungusha kirekebishi mpaka sindano ifike kwenye alama, geuza swichi, soma, achia. Usiongee, bonyeza tu. Andika namba. Fanya vivyo hivyo chaneli 19 na 40.

Sasa linganisha. Chaneli 40 ikiwa juu kuliko 1, antena ni ndefu, ifupishe. Chaneli 1 ikiwa juu kuliko 40, antena ni fupi, irefushe. Nyingi zina skrubu ya kurekebisha kwenye ncha, na unaisogeza milimita chache kila mara, kisha unapima tena. Kwa antena mbili, rekebisha zote kwa kiasi kilekile. Lengo ni 19 iwe chini ya 1.5 na ncha zote mbili zisivuke 2.

Zikiwa juu ya 3 kila mahali, usihangaike na urefu. Tatizo ni kishikio kisichogusana na chuma, au kebo iliyobanwa na mlango, au kiungo ambacho maji yameingia. Kebo iliyobanwa na mlango ni maarufu mno. Ipapase kwa vidole tangu kwenye kioo hadi ndani. Ukiona imebonyea, ibadilishe. Kuizungushia utepe hakusaidii.

Nina kelele ya mvumo inayopanda na kushuka na injini. Inatoka wapi?

Kwanza angalia umeme ulikotoka. Redio ivute umeme moja kwa moja kwenye betri au kwenye zile skrubu mbili za kiwandani, ikiwa na fyuzi yake, na si kwenye tundu la sigara linalogawana waya na vitu kumi. Pili, zima kimoja kimoja: kamera ya dashibodi, chaja ya simu, inveta, taa za LED za bei rahisi. Chaja ya bei chee inaweza kupiga kelele kuliko injini yenyewe. Mimi mkosaji alikuwa kamera.

Na angalizo la volti. Malori ya Marekani hutumia volti 12, sawa na redio. Malori mengi yaliyotengenezwa Ulaya hutumia 24, na ukiunganisha CB ya volti 12 hapo bila kipunguza umeme, itatoa moshi mara moja na habari itakuwa imeishia hapo.

Niongeze kikuza nguvu?

Sheria inakataza, na FCC inaweza kukutoza faini. Tuache sheria kando: ukizidisha nguvu mara nne, kwenye redio ya anayekusikia, sindano inayopima nguvu ya mawimbi inapanda alama moja tu (huitwa S). Na kikuza hakikusaidii kumsikia anayekujibu. Unapata mdomo mkubwa na masikio yaleyale.

AM, FM au SSB?

AM. Ndiko watu waliko. FM iliruhusiwa Marekani mwaka 2021, sauti yake ni safi na inapendeza kwa malori mawili yanayosafiri pamoja, lakini ukiwa FM hutaelewana na aliye AM. SSB ni ya wanaopenda kuongea na watu wa mbali wakiwa wameegesha.

Lori ni la kampuni, siruhusiwi kutoboa wala kufunga chochote. Nifanyeje?

Uliza kwanza, maana nyingi huruhusu utumie kishikio na kebo zilizokuja na lori, na unachohitaji ni redio na fimbo za antena tu. Ila jihadhari: kwenye baadhi ya malori kebo hiyo inapitia kwenye kigawanyio kinachohudumia pia redio ya muziki, nacho kikichoka SWR inapanda bila sababu inayoonekana. Ukikataliwa kabisa, antena ya sumaku juu ya chuma inafaa, mradi kichwa si cha faiba wala alumini.

Kwa nini nisinunue GMRS, ile huduma nyingine ya redio za raia, badala yake?

Kama mko malori matatu ya marafiki, nunueni. Sauti ni safi, antena ni fupi, na leseni ni dola 35 kwa miaka 10. Tatizo ni lile la mwanzo: mgeni aliye mbele yako mwenye habari ya ajali hayuko huko.

Redio yangu ya Marekani itafanya kazi nchi nyingine?

Usidhani hivyo. Uingereza ilihalalisha CB mwaka 1981 na madereva wake nao hupenda 19. Urusi wako chaneli 15 kwa AM. Australia ni kitu tofauti kabisa: malori hutumia UHF, karibu megahezi 477, yenye jumla ya chaneli 80, na ya barabarani ni namba 40. Redio yako haiwezi hata kuwasikia.

Kiingereza changu kina lafudhi nzito. Watanicheka?

Mmoja wawili watakuwepo, na watakuwa walewale wanaomcheka kila mtu. Wengine wanataka habari tu. Mpangilio ni huu: mwelekeo, nguzo ya maili, njia, kitu. "Eastbound, mile 112, right lane, ladder in the road." Achia maiki. Umemaliza, na hakuna aliyekuuliza umetoka wapi.

Cha kujifunza zaidi ni misemo yao. "Bear" ni askari. "Chicken coop" ni mizani. "Alligator" ni kipande cha tairi lililopasuka kimelala barabarani, na ukikigonga utaelewa kwa nini walikipa jina la mamba. "Hammer lane" ni njia ya kushoto ya waendao kasi, na "ten-four" ni nimekupata. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nasikiliza tu, na masikio yangu yalizoea Kiingereza cha barabarani kwa kasi ambayo darasa halikunipa.

Antena imevunjika njiani usiku. Naweza kuendelea kutumia redio?

Kusikiliza, ndiyo. Kurusha, hapana. Nguvu isiyo na pa kutokea inarudi kwenye redio na kuunguza sehemu ya kurushia. Chomoa maiki ili mkono usijisahau ukaibonyeza, acha sauti iwe juu, na asubuhi kwenye kituo kikubwa cha malori nunua fimbo mpya ya urefu uleule. Ukiwa na mbili, nunua mbili, kisha toa mita kabla hujairudisha maiki mahali pake.